Moto Umeishia Mlangoni

Nikiri mapema, nisije nikaonekana mwema humu ndani: mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema hasira zangu zinakaa barazani, mpita njia yeyote anakutana nazo. Na asubuhi moja, kule milimani kwao, zilinitia aibu ambayo nikiikumbuka hadi leo nasikia joto masikioni.

Nafanya kazi ya karani wa mizani kwenye mashamba ya miwa upande wa Turiani. Matrekta yanapanda mizani, naandika uzito, yanaondoka. Kazi yangu ni hiyo tu. Lakini ukikaa miaka ishirini jirani na mitambo unajiona na wewe fundi. Mtu akianza kuniambia gari lake linasumbua, natoa hukumu kabla hajamaliza kueleza. Gari langu mwenyewe ni la zamani, la kabureta, la enzi zile ambazo ukifungua boneti unaiona injini yote na ardhi iliyo chini yake. Geji ya mafuta ilikufa kabla sijalinunua. Kiasi cha petroli kilichomo nakijua kwa kukumbuka nilijaza lini na nimezunguka wapi tangu hapo. Hilo la geji ndilo lililoniponza.

Mama mkwe wangu anaishi kijiji cha misheni kule juu Mgeta, kwenye matuta ya kabichi na njegere, ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa miaka miwili alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Mwanamke aliyelima tangu utoto wake akawa anang'oa karoti akidhani anang'oa magugu, mpaka mwenyewe akaliweka jembe nyuma ya mlango. Mara mbili alipangiwa upasuaji mjini na mara mbili ikashindikana. Ya kwanza mvua ilikata barabara, ya pili vifaa viliisha kabla zamu yake haijafika. Safari hii madaktari wa macho walikuja Morogoro kwa wiki moja tu, na siku aliyopangiwa yeye ilikuwa ya mwisho kwao. Mgonjwa aripoti kabla ya saa sita mchana. Akichelewa, angoje tena, na hakuna aliyeweza kutuambia angoje mpaka lini. Mganga wa zahanati alikwisha kumwambia mke wangu kwamba macho yale yakiachwa zaidi yanaweza kupotea moja kwa moja.

Ndiyo maana nikaomba ruhusa kazini, nikajaza nusu tangi pale mjini, tukapanda milimani siku moja kabla, mimi na mke wangu.

Sasa nieleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hutanielewa. Mimi kwetu ni Singida, na kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini mama huyu alikuwa na sheria zake. Miaka kumi na minne ya ndoa hatukuwahi kusemezana ana kwa ana. Namwamkia nikiwa nje ya mlango, nimechutama, nimeangalia pembeni, naye anaitikia kutoka ndani. Akiwa na neno nami, anamwambia bintiye: "Mwambie mwenzako." Hata kama nimesimama hatua tatu na nimesikia kila kitu, nangoja mke wangu arudie ndipo nijibu, na jibu langu nalo linapita njia ile ile. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Tukikutana njiani anashuka kwenye tuta, anatazama kabichi mpaka nipite. Kwa hiyo hata enzi macho yake yalipokuwa mazima, sidhani kama aliwahi kunitazama usoni.

Tulifika alasiri. Shemeji zangu wawili walitupokea kwa shangwe. Mkubwa ni mkulima wa mboga, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mdogo ana bodaboda ya kushusha mboga sokoni, na mdomo wake haupumziki. Mimi naye utani wetu hauna mwisho; ananiita mzee wa mizani, namwita mwizi wa kabichi. Gari lilikuwa limetapakaa tope mpaka kwenye vioo, maana barabara ile ilikuwa imenyeshewa. Nikaliacha uani, mke wangu akanichukua kwenda kuwaamkia wazee wa ukoo wake, na kwa wazee wa ukoo huendi ukarudi upesi. Tuliporudi jua limeelekea kuzama, gari linang'aa. Limeoshwa mpaka matairi.

"Haa! Hili gari au bwana harusi?" nikasema.

"Mkwe hawezi kwenda mjini na tope la kwetu," shemeji mdogo akajibu, kifua mbele. Nikawashukuru sana. Usiku nililala vizuri kabisa.

Asubuhi saa kumi na mbili nikaingia garini, nikawasha. Stata ikazunguka vizuri tu, nyenge-nyenge-nyenge, injini isishike. Nikavuta choki, nikakanyaga mafuta mara tatu, nikawasha tena. Wapi! Nikakanyaga mara kumi. Nikawasha mpaka mkono ukachoka kushika ufunguo. Nikashuka, nikafungua boneti, nikatazama kama mtu anayejua anachotazama, nikafunga, nikarudi kuwasha. Betri ikaanza kulegea, sauti ikawa ya mtu mwenye usingizi.

Saa moja ikapita hivyo. Kutoka pale mpaka mjini ni saa mbili na nusu, tatu kukiwa na matope, na matope yalikuwepo. Ilitakiwa tuwe tumeondoka kabla ya saa tatu, hapo hatujaweka pancha wala lori lililokwama njiani. Shemeji mdogo alisema anaweza kumpakia mama kwenye pikipiki. Mama wa miaka sabini na ushee, haoni, kwenye miteremko ile na utelezi ule? Nikamwambia aache upuuzi. Na hapo, nikimtazama yeye na pikipiki yake iliyoegeshwa ukutani, wazo likanijia, nami kwa kuwa nimejipa ufundi nikaliamini papo hapo. Gari halishiki kwa sababu halina mafuta. Halina mafuta kwa sababu yamenyonywa. Geji haifanyi kazi, nani angejua?

"Pikipiki yako jana ilikuwa na mafuta?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mzee wa mizani, unataka kuipima na yenyewe?"

"Nakuuliza. Ilikuwa na mafuta?"

"Kidogo. Leo yapo. Nilinunua chupa mbili pale dukani."

"Ulinunua au ulinyonya?"

Akacheka tena, akidhani ni ule utani wetu. Akasema tangi langu lina kutu, ukinyonya mafuta yake unapata pepopunda. Kaka yake naye akatabasamu. Na mimi, badala ya kuona kwamba hawa watu hawana hata habari, nikapandwa na mori.

"Sitanii!" nikapiga kelele. "Wewe ni mwizi! Umemnyonyea mafuta shemeji yako, na mama yako mzazi atabaki kipofu kwa chupa mbili za petroli!"

Jamani. Nililisema hilo uani, watu wanapita na matenga ya mboga kichwani. Uso wa yule kijana ulibadilika, kicheko kikamkauka mdomoni.  Aliniangalia tu, akaenda kukaa kwenye jiwe mbali na sisi, akakunja mikono.

"Baba, chunga mdomo wako," mke wangu akaniambia taratibu. Mke wangu akisema taratibu ujue mambo yameharibika.

Ndipo mama mkwe akatoka. Alikuwa amevaa tangu alfajiri: kanga mbili mpya, sweta, rozari shingoni, kikapu mkononi. Mpaka dakika ile alikuwa chumbani ananisikiliza, kwa sababu mama mkwe hatoki kwenda alipo mkwe wake anafoka. Akaja akipapasa ukuta, akasimama kwenye ngazi ya mlango, ameelekeza uso upande wa migomba ili asinielekee mimi.

"Mwambie mwenzako mafuta yapo," alisema.

Mke wangu akageuka. "Mama anasema mafuta yapo."

"Anajuaje?" nikauliza, bado nimevimba.

"Mwambie mwenzako uwanja mzima unanuka petroli. Gari lisilo na mafuta halinuki hivi. Amekanyaga sana, kabureta imefurika, plagi zimelowa. Mafuta si pungufu. Mafuta yamezidi."

Nikavuta pumzi. Haki ya nani, petroli ilikuwa inanuka mpaka machozi yananilenga, na mimi nimekaa juu yake saa nzima sijaisikia. Nilikuwa nasikia hasira zangu tu.

Hapo nikakumbuka jambo nililowahi kuambiwa na sikulitilia maanani. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa misheni, na katika barabara ile ya milimani dereva ndiye huyo huyo fundi. Mkewe alisafiri naye miaka mingi, akipeleka mboga mjini. Gari likizima kwenye kona, mume analala chini ya gari, mke anashika tochi, anampa spana, anapiga stata akiambiwa piga. Nilidhani kushika tochi ni kushika tochi. Kumbe mwanamke yule alikuwa anasoma.

"Mwambie mwenzako aache kuwasha, betri itakufa," akaendelea. "Tuangalie moto wa plagi kwanza. Boneti ifunguliwe, upepo utoe harufu ya mafuta, asije akatuunguza."

Tukangoja, naye akangoja, anapunga mkono mbele ya pua yake mpaka akaridhika. Kisha akaagiza, na mke wangu akarudia, na mimi nikafanya. Kwanza nichomoe waya wa plagi moja, nishike kwa kitambaa kikavu, ncha yake iwe karibu na chuma cha injini, mke wangu apige stata mara moja tu. Nikatazama. Hakuna cheche. Plagi ya pili vile vile, giza.

"Hakuna moto, mwambie," nikasema.

"Hakuna moto, mama."

"Nimesikia. Moto ukiruka unalia, ta, ta, ta. Haujalia." Akafikiri kidogo. "Sasa mwambie achomoe ule waya mnene wa katikati, unaotoka kwenye koili. Afanye vile vile."

Nikafanya. Mke wangu akagusa ufunguo, na cheche ya buluu ikaruka, nene, ta, ta, ta, mpaka nikarudi nyuma. Nilipomtazama mama mkwe alikuwa anatabasamu kwa migomba.

"Basi koili inayozaa moto nzima, platini inayoukatiza nzima," akasema. "Mwambie mwenzako moto umefika mpaka mlangoni, hauingii vyumbani. Baba yenu alikuwa anasema hivyo. Mlango ni ile kofia ya distributa inayogawa moto, yenye waya nyingi kama kiwele cha ng'ombe. Aifungue."

Nataka nilieleze hili vizuri, maana nimelifikiria sana tangu siku ile. Mimi niliamka na jibu, nikatafuta mtu wa kulibeba. Yeye hakutanguliza jibu, hata lile alilokuwa nalo moyoni. Alikuwa na maswali mawili tu, mafuta yapo, moto upo, na akaliuliza gari lenyewe, hatua kwa hatua, kila jibu likifunga mlango mmoja na kuacha mwingine. Hakuona hata nati moja. Nimewaona wahandisi wa kiwanda chetu cha sukari wenye vyeti ukutani wakibadilisha vifaa vitano kwa kubahatisha mpaka wanapatia. Huyu bibi alibakiza kifaa kimoja bila kugusa chochote. Nilimstaajabia pale pale, nikiwa bado nimenuna.

Nikafungua kofia. Ndani ilikuwa na matone ya maji na utando mweupe. Nikataka kumpa mke wangu ampelekee mama, lakini mke wangu alikuwa ameshaambiwa afungue plagi zote nne, naye alishazipeleka jikoni kwenye bakuli, zikaushwe karibu na makaa. Tukabaki wawili, mimi upande huu wa injini, mama mkwe amekwisha kushuka ngazini akija akipapasa, upande ule. Shemeji mkubwa alikuwa amemfuata mdogo wake kule kwenye jiwe, hakuna wa kumwambia mwenzake. Ukungu unapita kati yetu, saa zinakwenda.

Mama akaweka kiganja juu ya mlango wa gari, akalipapasa.

"Wewe gari," akasema.

Nikashtuka.

"Wewe gari, mwambie huyo anayekushika aiweke kofia yako hapo juu ya betri nami niiguse."

Ebo! Nikaiweka juu ya betri, nikarudi nyuma hatua mbili. Akaichukua, akaingiza kidole ndani, akakisugua na kidole gumba. Akanusa. Uso wake ukabadilika. Kisha akairudisha pale pale.

"Wewe gari, mwambie anuse."

Nikanusa. Sabuni. Sabuni ya unga, ile ile ya kufulia.

Nikageuka kuwatazama shemeji zangu. Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. "Tulifungua na boneti, shemeji," akasema. "Kulikuwa na tope hadi kwenye injini. Tukaona gari la mkwe haliwezi kuingia hospitali likiwa hivyo. Tukamwagia ndoo tatu za mfereji. Tulisugua kwa brashi, tukafuta vizuri sana."

Ndoo tatu! Walikuwa wameniheshimu mpaka ndani ya distributa. Na mimi nimemwita mmoja wao mwizi mbele ya kijiji.

Mke wangu alirudi na bakuli la plagi, akasikia mwisho wa maneno hayo. Mama yake akamtafuta kwa mkono, akamshika bega, na sauti yake ikashuka. "Mwambie mwenzako kosa ni langu pia. Jana nilisikia boneti inalia, nikasikia na maji. Nilijua. Nikataka kupiga kelele, halafu nikasema, wanangu wanamheshimu mkwe wao, nitoke niwakemee? Nikajipa moyo, labda yatakauka. Asubuhi liliposhindwa kuwaka nilijua tena. Lakini mwenzako alikuwa anafoka, nami nikaona haya kutoka. Ningenyamaza mpaka macho yaniishie. Aliposema mwanangu mwizi, hapo ndipo nikasema basi."

Mke wangu hakurudia. Hakukuwa na haja.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Kofia tukaikausha kwa ncha ya kanga, kisha mke wangu akaishikilia juu ya makaa, mbali kidogo, mpaka ikawa vuguvugu na ule utando ukatoka kwa kusugua. Plagi zilikuwa zimekauka. Nikiwa bado sijazirudisha, mama akaliambia gari limwambie anayekanyaga akanyage mpaka mwisho na atulie, asipampu, na stata izungushwe kidogo ili petroli iliyozidi itoke kwa tundu za plagi. Ikatoka kama mvuke. Nikarudisha plagi, nikavalisha waya. Hapo nikakosea, nikachanganya wa pili na wa tatu, naye akasikia mkono wangu unasita.

"Wewe gari, waya zako zina urefu tofauti. Mwambie kila mmoja unafika kwake tu."

Kweli. Nilipozipanga kwa urefu kila mmoja ukaangukia mahali pake. Nikaingia nikawasha. Stata ikalia mara moja, nyee, ikanyamaza. Betri imekwisha. Nilikuwa nimeimaliza mwenyewe alfajiri, kwa hasira.

Saa ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. Njia ya kuwasha ilibaki moja, kusukuma. Uani pana mwinuko mdogo kabla ya kufika barabarani, na ukishapita ule mwinuko ni mteremko mtupu. Lakini mwinuko ule mimi na mke wangu hatuuwezi. Shemeji mkubwa akaja nyuma ya gari. Mdogo akabaki kwenye jiwe lake.

Nilitegemea mama amwite. Hakumwita. Alisimama na kikapu chake, macho yale ya weupe yametazama kusikojulikana, anangoja. Yeye ndiye mwenye macho ya kupoteza, na alikuwa tayari kungoja.

Nikaenda mpaka kwenye jiwe.  "Shemeji," nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo. Kama nilitukana kwa sauti, niombe radhi kwa sauti. "Hukuniibia kitu. Uliniheshimu, nikakutukana. Nimekosa. Nisamehe."

 Wale wapita njia wa mboga walikuwa wamesimama kabisa, wametua matenga.

"Mbuzi," akasema hatimaye.

"Mbuzi?"

"Faini ya kuniita mwizi. Tena beberu. Na aje amepimwa mizani."

Watu wakaangua kicheko, naye akainuka akija huku anapandisha mikono ya shati. Sikuwahi kufurahi kudaiwa mbuzi kama siku ile. Wapita njia wawili wakaongeza mikono. Wakasukuma, gari likapanda ule mwinuko kwa kuguna, likaingia barabarani, likaanza kuteremka lenyewe. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Likashtuka, likakohoa mara mbili, likashika. Jamani, sauti ile! Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Kwenye kioo niliwaona shemeji zangu wamekumbatiana katikati ya moshi.

Mama akapandishwa nyuma na mke wangu. Injini sikuizima tena.  Kwenye kona moja gari likaanza kutetemeka, na kutoka nyuma nikasikia, "Mwambie mwenzako choki." Nilikuwa nimeisahau imevutwa tangu alfajiri, inaizidishia injini mafuta. Nikairudisha, gari likatulia.

Tuliingia hospitali saa tano na dakika arobaini. Nesi wa mapokezi alikuwa anapanga mafaili yake. Akatazama saa, akatutazama, tope mpaka magotini, mke wangu masizi mpaka kwenye paji la uso. Akachukua kadi ya mama, akaiweka juu ya nyingine. Mchana ule jicho la kulia likafanyiwa kazi. La kushoto wakasema lingoje ziara nyingine, lakini moja likipona linamtosha mtu kurudi shambani.

Tulilala Kilakala, pale pale mjini, kwa ndugu yake mke wangu. Kesho yake asubuhi tukarudi kufunguliwa bandeji. Mimi sikuingia, ukwe ni ukwe, nilibaki nje kwenye gari, nimeegemea mlango, nafikicha vidole kama mtoto anayesubiri matokeo. Zilipita dakika thelathini. Kisha nikawaona wanatoka. Mke wangu alikuwa analia na kucheka. Mama alikuwa anatembea polepole, hapapasi ukuta, anatazama chini, anatazama miguu yake, anatazama maua ya hospitali, akasimama kabisa kutazama milima yake pale juu ya mji. Kisha akalitazama gari.

Nami nikageukia pembeni, kama inavyopasa.

"Mwambie mwenzako afungue boneti," alisema.

Nikafungua. Akaja, akainama juu ya injini, jicho lililopasuliwa lina ngao ya plastiki yenye matundu ya kuonea, mikono nyuma. Akaitazama koili. Akaitazama kofia ya distributa, akaigusa kwa kidole. "Ndogo hivi?" akamwambia bintiye. "Ya baba yenu ilikuwa kubwa." Akafuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye kofia mpaka kwenye plagi, midomo inahesabu. Nami nilikuwa nimeinama upande wangu, nimeshikilia boneti maana ule mchuma wake wa kuegemeza umepinda, na nikasahau kutazama pembeni. Alipoinua uso, tukaonana.

Nilitaka kuangalia chini. Sikuwahi. Yeye hakujaribu. Alinitazama kwa hilo jicho moja jipya, kuanzia kichwani, bila haraka, vile vile alivyozifuata waya.

"Kumbe una mvi," akasema.

Aliniambia mimi. Hakumwambia bintiye, hakuliambia gari.

"Ninazo, mama," nikajibu.

"Nilidhani anayefoka vile ni kijana."

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Mimi, mwenye jibu la kila jambo, nilisimama na boneti mkononi.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akageuka kumtafuta mke wangu. "Mwambie mwenzako afunge," akasema. "Twende nyumbani, karoti zinanisubiri."